Siku Nne za Kashka

Mamyrkul alikuwa na desturi ya kuuliza kila swali mara mbili. Asubuhi atakuuliza umetoka wapi, utamjibu. Jioni, wewe umeshasahau, atakuuliza tena huku akijifanya anatafuta kitu mfukoni mwa koti. Majibu yakitofautiana hata kidogo, basi umekwisha, hutaingia tena uani kwake. Bonde zima la Kochkor tulimjua hivyo na wala hatukumlaumu sana. Huyo ndiye mkufunzi wa farasi aliyeshinda mbio kubwa mara kumi na saba, na zote kumi na saba alishinda bila kumwamini mtu.

Kazi aliirithi. Babu yake alinoa farasi wa matajiri, baba yake akanoa farasi wa shamba la ushirika, naye akaanza na wa ushirika. Ushirika ulipovunjwa na watu wakagawana kondoo na matrekta, akanoa wa kwake. Na kunoa farasi si kumkimbiza tu, kama wanavyodhani watu wa mjini wanaokuja kupiga picha. Farasi hutandikwa blanketi, hukimbizwa mpaka atoke jasho, jasho hukwanguliwa kwa kibao, na mkufunzi huligusisha kwenye ncha ya ulimi. Jasho la kwanza ni zito na chumvi yake inachoma. Linazidi kuwa jepesi kila baada ya siku mbili tatu, mpaka asubuhi moja linakuwa maji matupu. Hapo farasi yuko tayari, na atabaki hivyo siku tatu, labda nne. Ukimpeleka mbioni kabla ya hapo ni mzito, ukimpeleka baadaye nguvu zimeshamwishia. Ujuzi wote wa mkufunzi ni kuifanya siku hiyo iangukie siku ya mbio.

Kwa hiyo siku ni siri. Zamani za ushirika, Mamyrkul akiwa bado kijana, rafiki yake wa kula naye sahani moja alimnywesha farasi wake ndoo nzima ya maji saa moja kabla ya mbio. Alilipwa kofia mpya na chupa mbili. Farasi alikuja wa mwisho, na Mamyrkul alilia mbele za watu. Tangu hapo siku ya farasi aliificha hata kwa mkewe.

"Nimekuzalia watoto watano," Bubusha alimwambia wakati fulani, "na bado huniambii farasi yuko tayari lini?"

"Watoto siwapeleki mbioni," alijibu, akaenda zake zizini.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwanawe wa mwisho, Ularbek, akamletea mke kutoka At-Bashy, ng'ambo ya milima. Si tatizo, wasichana wa At-Bashy wanajua kazi. Tatizo ni kwamba Nurzat alikuwa mjukuu wa mzee Kadyraaly, mkufunzi aliyeshindana na Mamyrkul miaka thelathini mpaka kifo kilipowatenganisha, na mpwa wa Sooronbay, aliyeshika kazi baada ya mzee huyo. Harusi ilifanyika kwa sababu kijana aliapa kwamba asipomwoa huyo haoi tena. Mwaka uliofuata Ularbek akaenda Urusi kwenye kazi za ujenzi, akamwacha mkewe kwa wazazi, kama ilivyo kawaida siku hizi.

Miaka mitatu Nurzat alikaa pale bila kosa. Alifunga kitambaa kichwani, aliamka kabla ya ng'ombe, hakutamka jina la baba mkwe hata alipokuwa peke yake. Majirani walimsifu. Mamyrkul alisikia sifa hizo na zikamtia wasiwasi. Mtu asiyekosea miaka mitatu, aliwaza, anaangalia kitu.

Wakati wa baridi akaugua. Homa na mafua vilimlaza wiki mbili, akainuka amekonda lakini mwenye ubishi uleule. Na tangu alipoinuka, chakula cha nyumbani kikaharibika.

"Chumvi imepanda bei?" aliuliza siku moja, akisukuma bakuli la supu.

"Imetiwa, Baba," Nurzat alisema, macho chini.

"Imetiwa wapi? Kwenye bakuli la nani?"

Bubusha akachovya kijiko kwenye bakuli la mumewe, akaonja, akakunja uso. "Mbona imekolea? Tena imezidi."

Mamyrkul akawatazama mmoja baada ya mwingine. Wameshapatana, akasema moyoni. Kesho yake alinunua chumvi yake mwenyewe dukani, akawa anaibeba mfukoni ndani ya kitambaa, akijimiminia mwenyewe. Chumvi hiyo nayo haikukolea. Akamfuata mwenye duka na kumwambia anachanganya na unga, na nusura washikane mashati. Alipokwenda kwa binamu yake Jumadyl, chai ya maziwa ya huko, ambayo miaka yote ilikuwa na chumvi ya kukausha midomo, ilikuwa kama maji ya kuoshea sufuria.

"Mkwe wangu amepita hapa?" aliuliza.

"Alileta kitoto cha kondoo wiki iliyopita," alisema Jumadyl. "Kwani vipi?"

Mamyrkul akashusha sauti. "Huyo ni wa damu ya Sooronbay. Kuna kitu kinaendelea nyumbani kwangu. Nikishindwa mwaka huu, wewe ujue nimeuzwa na nani."

Jumadyl ni mtu ambaye ukimwambia neno linafika sokoni kabla yako. Mamyrkul alilijua hilo, akasema vilevile.

Mwaka huo aliutaka kuliko yote. Kulikuwa na karamu kubwa ya kumkumbuka marehemu mmoja wa bonde, na zawadi ya kwanza ni ng'ombe tisa, kwa desturi yetu ya kutoa tisatisa. Mamyrkul, mwenye miaka sabini na mmoja, alikuwa ametangaza kwamba ushindi wa kumi na nane utakuwa wa kuagia. Alikuwa na Kashka, farasi mwekundu mwenye baka jeupe usoni, na wote tuliomwona tulisema huyo hana mpinzani. Isipokuwa mmoja, farasi mweusi wa Sooronbay.

Alianza kumnoa Kashka mwezi wa Agosti. Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya karamu, alimkimbiza mpaka kando ya mto na kurudi, akakwangua jasho la nne kwa kibao cha babu yake, akagusisha ulimi. Maji.

Akaonja tena, ubavuni, kisha chini ya shingo. Maji matupu. Tumbo la Kashka bado lilining'inia kidogo, macho yake yaliliona, lakini babu yake alimfundisha kuusikiliza ulimi na kuyapuuza macho, na ulimi haukuwahi kumwangusha. Farasi hawezi kuwa tayari mapema hivyo ila kama kuna mtu mwingine anayemkimbiza kwa siri, ili siku yake ije na kupita kabla ya mbio. Hila hiyo aliijua. Alikuwa amewahi kuifanya mwenyewe, kwa farasi wa mzee Kadyraaly, na Kadyraaly alikufa bila kujua. Au alijua, akamwachia mjukuu wake deni hilo.

Basi akafanya ambalo mkufunzi yeyote angefanya. Alimpumzisha farasi. Siku nne Kashka alisimama zizini akila shayiri, ili unono urudi kidogo na siku isogee mbele. Mamyrkul akaketi mlangoni mchana kutwa, anahesabu nani anapita.

Siku ya sita tangu aonje jasho lile, yeye mwenyewe akiwa bado hajamtoa tena Kashka, aliona blanketi la farasi lina unyevu upande wa ndani. Kibao kilikuwa kwenye msumari wake, lakini kimegeuzwa. Viatu vya Nurzat vilikuwa na tope jeusi la mtoni, na maji ya nyumbani hayachotwi mtoni tena tangu bomba lilipoletwa.

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Kwa ng'ombe, Baba."

Jioni akauliza tena. "Asubuhi ulisema ulikuwa wapi?"

Nurzat alikawia kidogo. "Kwa ng'ombe."

Mamyrkul akakusikia kule kukawia, na roho yake ikatulia kama ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Akampigia Ularbek simu, akamwambia ajiandae kusikia habari ya mkewe. Kijana akasema kutoka huko Urusi, "Baba, tafadhali, usimrudishe kwao kwa dhana tu."

"Si dhana. Kesho nitaona kwa macho."

Asubuhi akatangaza kwamba anakwenda mjini kununua misumari ya kwato. Akafika kwenye kona, akarudi kwa nyuma kupitia kwa jirani, akajibanza kwenye banda la nyasi kavu. Huko alikaa, nyasi zinamchoma shingoni, anajizuia kupiga chafya. Jua lilipopanda juu ya kilima, Nurzat akatoka. Alimtandika Kashka blanketi, akaruka mgongoni bila kuomba msaada, na wakaondoka. Mamyrkul hakuwa amewahi kumwona juu ya farasi. Alikaa vizuri, mwizi yule, alikaa kama Kadyraaly.

Waliporudi Kashka alikuwa amelowa jasho. Nurzat akatungua kibao, akakwangua, akagusisha ulimi. Akatema mate, akatikisa kichwa.

"Haya!" Mamyrkul akatoka na nyasi kichwani. "Mwambie mjomba wako jasho likoje!"

Msichana alishtuka, lakini hakukimbia. Bubusha akatokea mlangoni, mikono imejaa unga.

"Nimekulisha miaka mitatu," Mamyrkul alisema. "Nimekuita mwanangu. Na wewe unaninyang'anya siku ya farasi wangu! Kusanya nguo zako. Leo hii unarudi kwenu."

"Nitakwenda, Baba," Nurzat alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aje pale, akamwinulia macho. "Kabla sijaenda, lamba lile jiwe."

Alionyesha pipa la maji. Pembeni yake lilikuwepo jiwe la chumvi la ng'ombe, jekundu, limetobolewa na ndimi za wanyama.

"Unasema nini?"

"Nakuomba, Baba. Lamba."

"Mimi nilambe wanapolamba ng'ombe? Mkwe aniambie mimi hivyo? Bubusha, unasikia?"

"Nasikia," mkewe alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Lamba, mzee."

Akalamba, kwa hasira, ili tu aje awaaibishe. Lilikuwa jiwe. Akalamba tena, kwa ulimi mzima, akasikia mikwaruzo yake na ubaridi wake, lakini chumvi hakuna. Akang'ata kipande kikavunjika, akakitafuna. Ng'ombe mmoja alisimama karibu akimwangalia, akingojea zamu yake.

Mamyrkul akakaa chini palepale, kwenye samadi.

"Tangu ile homa," Bubusha alisema. "Tulikuambia supu ina chumvi. Ukasema tumekula njama. Nikaogopa kukwambia zaidi, ulimi ndio mkate wako."

"Na jasho?" Mamyrkul aliuliza polepole. "Jasho lile la nne?"

"Lilikuwa na chumvi kama ya jiwe hilo, Baba," Nurzat alisema. "Nililionja ulipoingia ndani. Babu alinifundisha nikiwa mdogo, kwa kuwa hakuwa na mjukuu wa kiume. Ulipomsimamisha Kashka na kumpa shayiri, nilisubiri, nikisema utagundua mwenyewe. Siku nne nilikaa naogopa. Ya tano nikamtoa alfajiri, ukiwa bado umelala. Ningekwambia, usingeniamini."

Hilo hakuweza kulibishia. Aliangalia tumbo la farasi, lililokuwa limemwambia ukweli tangu mwanzo.

"Anahitaji siku ngapi?" aliuliza.

"Kumi. Tunazo sita, pamoja na leo."

"Akikimbia hivyo?"

"Hatakufa njiani. Lakini hatamshika mweusi wa mjomba."

Angeweza kumwondoa mbioni, na labda ingekuwa busara. Lakini alikuwa ameshatangaza, na kiburi cha mtu wa miaka sabini na mmoja hakishuki kwa siku sita. Nguo za Nurzat hazikukusanywa. Kila mara Kashka alipotolewa, baba mkwe alikwangua jasho na mkwe akaonja, nyuma ya ukuta ambapo hakuna jirani aonaye. Habari ya ulimi haikutoka pale uani. Hilo aliwaapisha wote wawili, na aliwaapisha mara mbili.

Siku ya karamu watu walijaa uwandani, masufuria ya nyama yanachemka, maziwa ya farasi yanapita kwa ndoo. Mbio zilikuwa kilomita ishirini na mbili. Kashka aliongoza mpaka mzunguko wa mwisho, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Kisha akaanza kuvuta pumzi nzito, kifua kinamwelemea, na mweusi wa Sooronbay akampita taratibu kama mtu anayempita jirani barabarani. Kashka akawa wa pili.

Sooronbay, mtu mnene mwenye sauti ya kuuza ng'ombe, akamjia. Hakuja kucheka, ni lazima nimpe haki yake. Alipitisha kiganja kwenye mbavu za Kashka, akagonga ubavu, akasema, "Huyu farasi ni bora kuliko wangu, Mamyrkul. Amepungukiwa siku nne. Wewe wa kupungukiwa siku nne? Nini kimetokea?"

Ndipo Jumadyl, amekunywa kiasi cha kumtia ushujaa, akapaza sauti. "Mwulize mpwa wako kilichotokea! Siku ya farasi imetoka nyumbani. Hatukusema? Unaoa kwa maadui, unategemea nini?"

Vichwa vikageuka kuelekea kwenye masufuria, ambako Nurzat alikuwa akichochea moto pamoja na wanawake. Wawili waliokuwa karibu naye wakasogea. Hakusema neno, alikuwa ameapa. Alishika mwiko na kuangalia nyama.

"Jumadyl, nyamaza," Mamyrkul alisema.

"Ninyamaze? Si wewe uliyeniambia mwenyewe, kwenye chai yangu? Ulisema, nikishindwa ujue nimeuzwa na nani!"

Ni kweli alisema. Mamyrkul alihisi maneno yake mwenyewe yanamrudia usoni mbele ya bonde zima, na akaona jinsi lilivyo jambo rahisi. Hakutakiwa kudanganya. Kukaa kimya tu kulitosha. Jina la Mamyrkul lingebaki, mkufunzi mkubwa aliyesalitiwa nyumbani kwake, na wajukuu wangelisimulia. Msichana angerudi At-Bashy, Ularbek angepata mke mwingine. Hata Bubusha, aliyekuwa anamkodolea macho kutoka mbali, asingeweza kuthibitisha kitu.

Akatembea kuelekea kwenye masufuria. Watu wakampisha, wakidhani anakwenda kumpiga. Nurzat naye alidhani hivyo, maana alifumba macho. Mamyrkul akampita, akainama kwenye gunia la chumvi ya wapishi, akachota konzi nzima, akageuka kuwatazama watu, akaitia yote mdomoni.

Akatafuna. Ilisikika ikikwaruza kwenye meno. Hakupepesa macho, hakukunja uso. Wanawake waliokuwa karibu walimeza mate kwa niaba yake.

"Mnaona?" alisema, chumvi ikimdondoka kwenye ndevu. "Hii kwangu ni mchanga. Sina ulimi tangu wakati wa baridi. Nilionja jasho la chumvi nikasema ni maji, nikamsimamisha farasi siku nne. Siku nne hizo nimezipoteza mimi. Huyu binti ndiye aliyejua, na hapo alipofika Kashka, yeye ndiye aliyemfikisha. Asiyeamini aje achote chumvi hapa, tutafune naye."

Hakuja mtu. Jumadyl alikuwa ameanza kuikagua kofia yake. Sooronbay alimtazama mpwa wake muda mrefu, kisha akavua kofia, sikujua kwa nani kati yao wawili.

Nurzat akaleta bakuli la maji kwa mikono miwili. "Sukutua, Baba," alisema. "Utauharibu moyo wako."

Alisukutua. Kisha akachomoa kibao cha babu yake kwenye buti, akakikausha kwenye koti, akamkabidhi mbele ya wanaume wote. Nurzat alikipokea na kukificha chini ya aproni, kana kwamba kuna mtu angemnyang'anya.

Walirudi kwa lori, Kashka kasimama nyuma amefungwa kamba tatu, wao wamekaa juu ya nyasi. Bubusha alikuwa amelala. Walipovuka daraja Mamyrkul akaanza kutafuta kitu mfukoni mwa koti, na Nurzat akajua swali linakuja.

"Mjomba wako," alisema mzee. "Uliwahi kumwambia chochote juu ya Kashka?"

"Hapana, Baba."

Mamyrkul akaitikia kwa kichwa, akautoa mkono mfukoni. Mpaka wanafika nyumbani, na jioni ile, na kesho yake pia, hakumuuliza tena.